Gurudumu la Upande wa Ukutani

Pale Halvor, mji wetu mdogo, mtu akifanya kazi inayong'aa nje na kukauka ndani, hatumwambii kwamba amelipua. Tunamwambia amefanya kazi ya Lowell. Fundi akipaka rangi juu ya mbao zilizooza, ni kazi ya Lowell. Mume akiondoa theluji ya mlangoni tu na kuiacha njia nzima, ni kazi ya Lowell. Mchungaji mwenyewe aliwahi kulitumia neno hilo mimbarani alipokuwa akihubiri juu ya unafiki, na Lowell Tveit alikuwa amekaa benchi la nne, anatikisa kichwa taratibu kama vile anasikia habari za mtu wa mbali.

Aliyetutia neno hilo mdomoni ni mdogo wake wa tumbo moja, Verlyn. Huyu Verlyn alifundisha ufundi wa chuma katika sekondari ya Halvor kwa miaka thelathini na mmoja, na kila Septemba alifungua somo la kwanza kwa kisa hichohicho. Tena kila Jumamosi ya ufunguzi wa msimu wa uvuvi mwezi Mei, watu wakiwa wamejaa kwenye mteremko wa kushushia boti na kahawa ya akina mama wa kanisa mkononi, hakuna boti iliyogusa maji kabla Verlyn hajakisimulia tena. Sisi wa kaskazini mwa Minnesota si watu wa maneno mengi, kwa hiyo tukimpata mmoja mwenye maneno tunamwachia aseme kwa niaba yetu sote.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1971. Baba yao, Mzee Tveit, fundi wa mashine za shamba, alikuwa na trela ya boti aliyoiunda kwa mikono yake mwaka 1956. Jioni moja kabla ya ufunguzi aliwaambia wanawe wawili wafungue magurudumu mawili, waoshe beringi, wazijaze grisi, warudishe. "Gawaneni wenyewe," alisema, akaenda zake. Lowell alikuwa na miaka kumi na sita, Verlyn kumi na miwili. Asubuhi yake, wakiwa njiani kwenda ziwani, gurudumu moja likachomoka. Likaipita gari. Hapo ndipo Verlyn alipokuwa akitia chumvi: gurudumu lilimpita baba dirishani, likapunguza mwendo, likamsalimia, kisha likashika njia ya kwenda ziwani peke yake. Boti ikaingia mtaroni pamoja na mikate, mayai na bati zima la funza wa kuvulia.

"Na mwenye gurudumu hilo," Verlyn angeuliza, "alikuwa nani?"

"Lowell!" watu wote wangejibu.

"Na grisi aliipaka wapi?"

"Kwenye kifuniko cha nje!"

Hapo Verlyn angekunja mkono wa shati na kuonyesha kovu kwenye kiwiko. Trela ilikuwa ikiegeshwa ubavu wake mmoja ukikaribia kuugusa ukuta wa banda, na yeye, kwa kuwa ndiye mwembamba, alijibana kati ya gurudumu na ukuta mpaka msumari ukamchana. Lakini alilijaza lake grisi hadi ikatokea upande wa pili. Lowell naye angeinua kikombe chake cha kahawa juu kidogo, na boti zingeanza kuteremshwa.

Mwaka huu habari ilikuwa tofauti. Lowell, mjane mwenye miaka sitini na minane na magoti yaliyokataa baridi, alikuwa ameuza nyumba. Jumatatu baada ya ufunguzi angehamia Arizona kwa binti yake, mahali ambapo ziwa la karibu, kwa maelezo yake mwenyewe, ni bwawa la kuogelea. Huo ndio ungekuwa ufunguzi wake wa mwisho. Verlyn akaamua kuifufua trela ya baba, iliyokuwa imelala nyuma ya zizi kwa miaka thelathini ikiotewa na magugu, ili ndugu hao wawili waingie ziwani nayo mara moja ya mwisho.

Hiyo ndiyo sababu aliyomwambia mkewe, Ardis. Sababu ya pili hakuisema. Alikuwa amechonga kibati cha shaba chenye maneno haya: "Gurudumu hili lipakwe grisi ndani. Lowell." Alipanga kukipigilia juu ya gurudumu la kulia mbele ya kadamnasi, na alikuwa akicheka peke yake kila alipokitazama.

"Itachukua wiki mbili," alimwambia Ardis mwezi Oktoba, akaitoa gari ya mkewe bandani na kuiingiza trela.

Mwezi Februari gari ya Ardis ilikuwa bado nje, imefukiwa na theluji mpaka vioo. Mwalimu wa ufundi wa chuma alikuwa amegundua kwamba kufundisha ni jambo moja na kutenda ni jingine, ugunduzi ambao wanafunzi wake walikuwa nao tangu zamani. Alipokuwa akichomelea bawa la gurudumu, lile la kukinga matope, aliunguza ufagio. Springi moja aliifunga juu chini, trela ikasimama imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Aliipaka rangi nyekundu, matabaka matatu, ikang'aa mpaka akajiona ndani yake, ndipo akakumbuka kwamba hajatoboa matundu ya taa. Alipotoboa, rangi ilibanduka. Alipozifunga taa, ukikanyaga breki iliwaka ya kupinda kushoto.

"Ningekuwa mwanafunzi wangu," alisema peke yake, "ningejifelisha."

Magurudumu aliyaacha mwisho kama mtoto anayebakiza nyama kwenye sahani. Mwezi Machi alipandisha jeki, akakaa juu ya debe la rangi, akafungua la kulia. Ndani, kwenye habu ya chuma ambayo gurudumu hufungwa, alikuta alama ya baba: T56, iliyogongwa kwa nyundo, herufi imelala kidogo. Mzee Tveit aligonga alama hiyo kwenye kila kipande alichokitengeneza. Verlyn aliipapasa kwa kidole, roho ikamlainika, akapuliza pua.

Kisha akafungua la kushoto. Hakukuwa na alama. Akasugua kwa brashi ya waya. Hakuna. Akaleta mafuta ya taa, akaleta miwani nyingine, akaleta na lenzi ya kusomea magazeti. Habu ile haikuwa ya baba kabisa. Ilikuwa ya mashine ya kukusanyia nyasi, ya dukani, na namba zake za kiwandani zilisomeka vizuri.

"Ardis! Hebu njoo uangalie hapa. Unaona herufi?"

Ardis aliingia na kikombe cha kahawa, akainama. "Naona kutu."

"Chini ya kutu."

"Naona kutu nyingine. Ulitaka nione nini?"

"Alama ya baba. Ya kulia inayo. Hii ya kushoto baba aliibadilisha."

"Kwa nini aibadilishe?"

"Labda ile ya kwanza iliungua. Beringi ikikosa grisi inaunguza kila kitu." Alikuwa amewaambia wanafunzi elfu moja na zaidi maneno hayohayo.

Ardis alikaa juu ya kasha la misumari. "Kwa hiyo lililochomoka ni la kushoto."

"Inawezekana."

"Siku zote unasema la kulia."

"Nilikuwa mtoto, bwana. Watoto wanachanganya."

"Na lile banda la baba yako, trela ikiingizwa kinyumenyume, ubavu upi ulikuwa upande wa ukuta?"

Verlyn alijishughulisha sana na tambara.

"Verlyn," alisema Ardis. "Kunja mkono wa shati."

Hakukunja. Hakukuwa na haja. Miaka hamsini na miwili alikuwa akitembea na ushahidi kiwikoni, akiuonyesha kwa wageni, na hakuna siku aliyowahi kuusoma. Alijihisi mjinga wa kupindukia, na kwa mara ya kwanza hilo halikumchekesha.

"Maskini Lowell," alisema Ardis, akaondoka na kahawa ambayo alikuwa amemletea yeye.

Kumbukumbu ikaja yote, haikubisha hodi. Banda lilikuwa na baridi. Damu ilikuwa inamtiririka kiwikoni, vidole vimekufa ganzi, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya maandazi ya mama. Alichovya kidole kwenye kopo la grisi, akakizungusha juu ya kifuniko mara moja, akakifuta kwa tambara kikapendeza, akakimbilia maandazi. Asubuhi yake mtaroni, baba aliuliza ni nani ambaye hakupaka. "Mimi nilipaka!" Verlyn aliwahi. Na kweli alikuwa amepaka, kifuniko. Lowell alimtazama, akaufungua mdomo, akaufunga. Baba akauchukua ule ukimya kuwa ni kukiri. Verlyn akakisimulia kisa hicho wiki hiyo shuleni ili kujikosha, watu wakacheka, akakisimulia tena wakacheka zaidi, na kufikia Krismasi alikuwa anakiamini mwenyewe.

Sasa afanyeje? Kwa wiki nzima alijipa sababu. Habu ikipakwa rangi nani atainama kuikagua? Lowell anaondoka, huko Arizona hakuna anayemjua. Na zaidi ya yote, mtu mzima atasimamaje mbele ya mji mzima akauharibu utani wao pekee? Lakini kila alipofikia hapo alimwona kaka yake benchi la nne, akitikisa kichwa taratibu. Kama asingesema kabla ya Jumatatu ile, Lowell angeondoka Halvor akiwa jina la kazi mbovu, na kazi mbovu haikuwa yake. Verlyn alishindwa kula.

Akampigia simu. Lowell alikuwa anakaa ng'ambo tu ya ziwa, mwendo wa dakika tano.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Huko kwako barafu imeanza kuachia?"

"Pembeni pembeni."

"Hata hapa. Pembeni pembeni."

"Kuna jambo nataka kukwambia, kaka."

"Sema."

"Nasikia Alhamisi kutakuwa na upepo."

"Wa kutoka wapi?"

"Magharibi."

"Ah. Wa magharibi si mbaya."

Waliuzungumzia upepo huo dakika arobaini. Kwetu hayo ni maongezi ya mwaka mzima kwa ndugu wawili. Verlyn alipoweka simu chini alijitukana kwa sauti mpaka mbwa akaondoka chumbani.

Aprili alifunga beringi mpya pande zote mbili, na safari hii alizijaza grisi mpaka ikafika kwenye nyusi zake. Kisha akakichukua kile kibati cha shaba, akakigeuza, na upande wa nyuma akachonga maneno mengine. Akakipigilia juu ya gurudumu la kushoto kwa riveti nne ili asiweze kukitoa akipata woga. Alijijua. Kabla hata hajatoka uani alikuwa ameshapata woga, akakifunika kwa tambara na kukifunga kamba.

Jumamosi ya ufunguzi kulikucha na baridi ya kung'ata masikio, maji ya ziwa meusi, vipande vya mwisho vya barafu vimejikusanya kwenye matete. Verlyn aliikagua boti mara tatu. Alichomoa kizibo cha nyuma, kile kidogo cha shaba kinachozuia maji kuingia boti ikiwa ziwani, ili maji ya mvua yatoke, akakitia mfuko wa koti ili asikisahau. Alifika kwenye mteremko saa mbili asubuhi. Kulikuwa na watu kama sitini. Trela ilipigiwa miluzi ya sifa. Wazee waliizunguka, mikono nyuma, wakisema "Si mbaya," maneno ambayo kwetu mtu huyasubiri maisha yake yote.

Lowell alikuwepo, amevaa kofia ya masikio, kikombe mkononi. Alilipapasa bawa jekundu, akapapasa ule muunganisho ambapo ufagio uliungua.

"Baba angependa," alisema.

Verlyn akatamani ardhi immeze.

"Haya Mwalimu, tupe!" alipaza sauti Bernadine Kuusisto, mwanamke mwenye duka la chambo, aliyekuwa amesimama kwenye gati na ndoo ya samaki wadogo. "Tunaganda hapa!"

Verlyn akapanda juu ya ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, mahali pake pa kila mwaka. Alikuwa amejiandaa kusema mambo mapya, ila ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja kama ng'ombe wa maziwa. Ukaanza wenyewe: mwaka 1971, gawaneni wenyewe, gurudumu likachomoka, likampita mzee dirishani, likamsalimia. Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Akajisikia akisema, "Na mwenye gurudumu hilo alikuwa nani?"

"Lowell!" walijibu watu sitini, na Lowell akainua kikombe.

"Hapana," alisema Verlyn.

Walicheka. Walidhani ni kionjo kipya.

"Hapana, nisikilizeni. Ni mimi."

Wakacheka zaidi. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani akapiga makofi.

"Jamani, si utani! Gurudumu lililochomoka ni la kushoto. La kushoto lilikuwa la upande wa ukutani. La ukutani lilikuwa langu. Hili kovu ninalowaonyesha kila mwaka ni la gurudumu langu, nililolipaka grisi kwenye kifuniko nikakimbilia maandazi. Mimi! Kaka yangu lake lilikuwa zima. Miaka hamsini na miwili nimelipaka matope jina lake, na nyie nimewafundisha kulipaka. Nimewadanganya. Nilimwonea."

Akashuka, akafungua kamba na kuondoa tambara. Waliokuwa karibu walisoma kibati: "Hili ndilo lililochomoka. Lilikuwa la Verlyn."

Watu wetu wakikutana na jambo la moyoni hutazama juu. Watu sitini walitazama mawingu. Mmoja akasema upepo unageuka. Mwingine akasema kweli, unageuka.

"Najua," alisema Lowell.

Verlyn alimgeukia. "Unajua nini?"

"Kwamba lilikuwa lako. Mimi ndiye niliyekwenda kuliokota kule shambani. Kifuniko kilikuwa kimepakwa vizuri sana."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Sasa mbona hukusema, kaka? Hamsini na miwili! Hata mchungaji akakutaja!"

Lowell aliwaza, hakuwa na haraka. "Mwanzoni ulikuwa unalia. Halafu ukaanza kusimulia, na watu walikuwa wanafurahi. Nikaona nitawaharibia."

"Ilikuuma?"

Swali la namna hiyo haliulizwi kwetu, tena kwenye mteremko wa boti, mbele za watu. Hata Ardis alishika shavu.

"Iliuma," alisema Lowell. Akamalizia kahawa yake. "Hasa ile ya kanisani."

Verlyn alimkumbatia. Walikuwa hawajawahi kukumbatiana, kwa hiyo hawakujua mikono ikae wapi, na kofia ya Lowell ikaanguka. "Nisamehe, kaka," alisema Verlyn kwenye kola ya koti lake, na Lowell akampigapiga mgongoni mara tatu kama mtu anayekung'uta zulia, akasema basi, basi, samaki wanasubiri.

Ikawa shughuli. Lowell alisaidiwa kupanda botini kwa ajili ya magoti yake, akakaa kiti cha mbele. Verlyn aliingia kwenye pikapu, macho yamejaa maji, akarudi nyuma kuelekea ziwani. Trela ilikwenda imenyooka kama rula. Magurudumu yote mawili yalizunguka kimya, yakaingia majini, boti ikaelea na kuteleza taratibu hadi kwenye kamba ya gati. Watu walipiga makofi, na safari hii hawakuwa na utani. Verlyn aliitoa trela majini, akashuka, akasimama juu ya mteremko, kifua mbele, moyo mwepesi, mikono mifukoni.

Kwenye mfuko wa kulia kulikuwa na kitu kidogo, kigumu, cha shaba.

Uso ulimbadilika. Kule kwenye gati Bernadine alikuwa ameinama, anaitazama boti kwa makini.

"Mwalimu," aliita, "hii boti inakunywa maji."

"Kizibo!" alipiga kelele Verlyn, akikimbia na viatu vyake vya ibada, mkono juu, kizibo kinang'aa. "Ninacho! Ninacho hapa! Nilikiweka ili nisikisahau!"

Watu walikuwa bado na haya ya dakika tano zilizopita, hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Wakamtazama Bernadine. Bernadine akaweka ndoo chini.

"Basi hiyo sasa," alisema, "ndiyo kazi ya Verlyn."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwarusha bata hadi ng'ambo ya ziwa. Wanaume wawili walivuta kamba, wengine wakatafuta makopo ya kuchotea maji, Ardis alikuwa amejishika kwenye nguzo, na Verlyn, aliyezama hadi magotini kwenye maji ya barafu, alikuwa akitapatapa kutafuta tundu kwa vidole visivyo na hisia. Lowell peke yake hakusogea. Alikaa palepale kwenye kiti cha mbele, maji yamempita viatu. Akainua mkono mpaka watu wakanyamaza.

"Bernadine," alisema, "hebu rudia."